Maneno ya Penseli

Jumapili asubuhi Mama Vifungo alikaa mezani na raba mpya ya kufutia, tayari kufuta ushahidi, akakuta ushahidi wenyewe umeshaondoka nyumbani.

Mama huyu alikuwa ameshona vifungo vya sare za shule kiwandani kwa miaka thelathini na moja, na jina lilimganda. Alipostaafu, mwanawe alimpa simu yake ya zamani. Wenzake wakipewa simu hujifunza kupiga simu. Yeye alijifunza kupiga picha, na mtu akimpigia katikati ya kazi alimkatia bila huruma. Picha zenyewe hazikuwa za harusi wala za wajukuu waliopangwa kwa urefu. Alipenda vitu ambavyo hakuna mtu angesimama kuvitazama: soksi moja kwenye kamba, ngazi yenye kidato kilichomegeka, mlango uliopakwa rangi nusu kisha fundi wa rangi akakata tamaa.

Ukiwa na ugonjwa kama huo peke yako utaitwa mwehu. Mkiwa watano mnaitwa kikundi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu watano walikutana chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, kila mmoja na kijitabu cha picha zake alichokitengeneza kwa mkono, nakala za kuwatosha wenzake. Vijitabu havikuuzwa. Unaweka vyako mezani kifudifudi, unachukua kimoja kimoja cha wenzako, mnakunywa chai, mnasemana.

Mwenye duka, Dada Fotokopi, binti mwenye kidole gumba cheusi kwa wino, alipiga picha za vitu ambavyo wateja walisahau kwenye mashine yake. Mwalimu mstaafu wa hesabu alipiga picha za namba za milango, kwa mpangilio, na alikuwa amefika mia mbili na kumi. Muuguzi alipiga picha za mawingu kupitia dirisha la wodi ya wazazi. Na Fundi Saa alipiga picha za karibu mno, hata ukadhani unatazama mji wenye minara na barabara za mzunguko, kumbe ni tumbo la saa ya mtu.

Kijitabu kina mama na watoto. Mama ndiye wa kwanza: picha zimekatwa kwa mkasi, zimebandikwa kwa gundi kwenye karatasi zilizokunjwa, na pembeni mna maneno ya penseli ya kujielekeza, hii iende juu, hii isogee kushoto. Mama huyo anapitishwa kwenye mashine, na watoto wanatoka safi, maana Dada Fotokopi aliipunguza nguvu mashine mpaka isiione penseli. Wengine walibana kwa stepla. Mama Vifungo alishona kwa uzi wa vifungo, mama na watoto wote mshono mmoja.

Sasa, mtu anayeishi na mkwe mwema lakini asiyependa porojo lazima aongee na kitu. Mama Vifungo aliongea na penseli. Ilianza kwa hii iende juu. Baada ya miezi michache ikawa: "Ngazi hii Mwalimu atahesabu vidato kabla hajasema habari za leo." Ikawa: "Muuguzi atasema nzuri. Kwake kila kitu ni kizuri, hata jipu." Aliandika, akacheka peke yake, na kesho yake baada ya mkutano akafuta yote, safi, kama mtu aliyetoka kuungama.

Lakini mwezi huu, kwenye kurasa mbili za katikati, chini ya picha ya saa yake ya mkononi, alikuwa ameandika jambo lisilohusu ngazi wala jipu.

Asubuhi hiyo basi alikuwa na vijitabu viwili mbele yake: mtoto mmoja aliyejiwekea, na mama. Akafungua mama ili afute. Safi. Akafungua kingine. Safi vilevile. Akavigeuza, akavikung'uta, akavinusa kutafuta harufu ya gundi. Jana mkwe alimpigia kelele kwamba anachelewa, miwani ikiwa kichwani badala ya machoni, naye Mama Vifungo akabeba vinne akaenda kuvilaza mezani mwenyewe kwa mikono yake. Mama mtu alikuwa kwa mmoja wa wale wanne.

"Mama, mbona umekaukia hapo?" mkwe aliuliza akipita na ndoo. "Unaumwa?"

"Bado. Lakini nitaumwa mwisho wa mwezi."

Alijua alichokuwa anasema. Mkutano unaofuata, kila mtu husimama na kijitabu alichopata, anakitolea neno, kisha kinapita mkono kwa mkono. Watu wanne wangesoma. Na mmoja wao alikuwa ndiye aliyeandikwa pale katikati.

Kuomba kirudishwe haikuwezekana. Mwaka wa kwanza Mwalimu aliomba kijitabu chake mara nne ili asahihishe namba ya mlango, mpaka watu wakachoka, wakaweka sheria: kilichotoka mkononi hakiombwi, anayeomba anakaa nje ya kikundi miezi sita. Miezi sita! Mama Vifungo alikuwa na miaka sitini na minane, miezi sita hakuwa nayo ya kuchezea.

Jumatatu alitia sindano, uzi na raba kwenye mkoba akaenda kwa Muuguzi.

"Nimekuja kukaza uzi," alisema mlangoni, uso mkavu. "Nahisi nililegeza."

"Karibu, dada! Lakini hakipo hapa, kipo wodini. Njoo, naingia zamu sasa hivi."

Kilikuwa kwenye benchi la akina mama wanaosubiri kujifungua, kimelegea kwa kushikwa, kona zimekuwa laini kama sikio la paka. Mama Vifungo alikifungua katikati. Safi.

"Yule wa jana usiku aliishikilia hii ya soksi mpaka uchungu ulipomzidi," Muuguzi alisema. "Alisema inamchekesha, ile soksi imebaki peke yake na bado inapunga mkono. Ni nzuri sana, dada."

Mama Vifungo alikumbuka alichoandika kuhusu jipu, akaona haya. Alikaza uzi ambao haukulegea, akaondoka.

Mwalimu alimpokea barazani na kalamu nyekundu sikioni. Kijitabu chake kilikuwa safi bila penseli, ila kilikuwa na wino mwekundu kila ukurasa.

"Saba kwa kumi," alisema.

"Umenisahihisha, Mwalimu?"

"Ngazi ina vidato kumi na vinne, wewe umepiga kumi na tatu. Kimoja umekikata."

"Kimemegeka."

"Kimemegeka bado ni kidato." Kisha akakohoa, akatazama pembeni. "Nilikwenda kuitafuta hiyo ngazi. Nilizunguka mtaa mzima siku mbili. Tangu nistaafu hakuna aliyenipa kazi ya nyumbani."

Alipotoka hapo Mama Vifungo alikuwa amebakiza watu wawili na hana hakika kama anataka kuendelea. Lakini alipiga moyo konde akaingia duka la fotokopi.

"Mwanangu, nimekuja kukaza..."

"Uzi," alisema Dada Fotokopi, bila kuinua macho kwenye mashine. "Muuguzi ameshanipigia. Amesema umekaza uzi kama mtu anayefunga mzigo wa mwizi. Bibi, kaa chini. Unatafuta kile cha penseli."

Mama Vifungo alikaa, mkoba mapajani.

"Umejuaje kuna penseli? Mashine haiioni!"

"Mashine haiioni. Na mimi ninayegeuza kurasa juu ya kioo, unadhani nafumba macho?" Binti aliangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Kila mwezi nakusoma. Ile ya kwamba kidole changu gumba kikichovywa kwenye maji kinaweza kuandika barua, nilicheka wiki nzima."

"Yarabi. Na hii ya mwezi huu?"

Binti aliacha kucheka. Alizima mashine.

"Na hii nimeisoma," alisema taratibu.

"Nani anayo?"

"Bibi, unajua nani anayo."

"Na wewe ulimwona akiichukua, ukanyamaza?"

"Sikuiweka mimi upande wake," Dada Fotokopi alisema haraka, haraka kuliko ilivyohitajika, na kidole gumba cheusi kikaingia mfukoni.

Mama Vifungo alirudi nyumbani kupiga pasi. Ndivyo alivyofanya siku zote akitaka kufikiri, na mkwe alishajua kwamba nguo zikinyooka sana kuna tatizo. Alitandika gauni la mkwe juu ya meza, akalipiga pasi mbele, akaligeuza, akafikiri, akakandamiza, na chini ya gauni kitu kikalia kwa! kama njugu. Aliinua nguo. Ilikuwa saa yake, aliyoivua ili isimsumbue. Kioo kimepasuka nyota, mshale wa dakika umepinda kama unyusi wa mtu anayeshangaa.

Alicheka mpaka machozi, kisha machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Halafu akaifunga saa kwenye leso, akatia kijitabu safi kwenye mkoba, akaenda.

Fundi Saa alikuwa na chumba chembamba pembeni ya duka la viatu. Ndani mlikuwa na meza, taa, kabati la droo ndogondogo, na kistuli cha wateja, cha mbao, kigumu hata mdai sugu asingekaa juu yake dakika kumi. Mama Vifungo alikuwa amekikalia saa nzima nzima, mara nyingi, bila kulalamika. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mpole wa miaka sabini hivi, mjane kama yeye, mwenye vidole virefu visivyojua pupa.

"Karibu, Mama Vifungo. Imesimama tena?"

"Imesimama."

"Pole yake."

Huwa anaichukua, anaifungua mgongo, anaifanyia kitu cha dakika tatu, inatembea, kisha wanazungumza mpaka muuza viatu anafunga duka. Leo aliifungua leso, akaweka lenzi jichoni, akatazama muda mrefu.

"Ee," alisema. "Leo imeharibika kweli."

Mama Vifungo aliuvuta mkoba kifuani.

"Kwa hiyo umesoma!"

"Nimesoma nini?"

"Kijitabu! Usijifanye hamnazo."

Fundi Saa alivua lenzi. Alivuta droo ya chini, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kufutia miwani, akakiweka juu ya meza katikati yao. Akakifunua. Mama mtu huyo hapo, na uzi wake, mzito kwa gundi.

"Nilipokishika tu Jumamosi nikajua si mtoto," alisema. "Watoto hawana uzito huu. Nikasema, mama wa mtu huyu amepotea njia, mwenyewe atakuja. Sikufungua. Mimi sifungui saa ya mtu mpaka mwenyewe akae hapo aniambie inaumwa wapi."

"Hukufungua hata ukurasa mmoja?"

"Nilikitazama mgongo. Mshono mzuri."

Mama Vifungo alitaka kupumua kwa raha, kisha akakumbuka jambo.

"Basi kama hukusoma, kwa nini umesema leo ni kweli? Siku zingine ilikuwaje?"

Mzee aliipanga bisibisi yake ndogo sambamba na nyingine. Kisha akaipanga tena.

"Siku zingine ilikuwa na betri iliyolala kifudifudi," alisema. "Betri haijigeuzi, Mama Vifungo. Siyo mtoto tumboni. Na pembeni ya mfuniko kulikuwa na mikwaruzo ya chuma chembamba chenye ncha mbili, kama kile mnachofumulia mshono."

Muuza viatu jirani alikuwa anagongagonga soli.

"Umejua tangu lini?"

"Mara ya kwanza nilidhani fundi mwingine amekuharibia. Mara ya pili nilijua."

"Na ukanyamaza mara zote hizo?"

"Nilijua inageuzwa. Kwa nini inageuzwa, hilo sikulijua. Nilikuwa na dhana yangu." Alitabasamu kidogo, akalificha tabasamu kwa kukuna kidevu. "Lakini fundi akifanya kazi kwa dhana anavunja vitu. Chukua kijitabu chako. Sitasema kwa mtu, na sheria haina macho humu ndani."

Akakisukuma kwa kidole mpaka upande wake.

Kila alichokitaka tangu Jumapili kilikuwa mbele yake. Raba ilikuwa mkobani. Angekaa hapo hapo akafuta, akarudi nyumbani msafi, na mwezi ujao angegeuza betri nyingine, naye mzee angeirudisha mahali pake bila neno, na wangeendelea hivyo kwa adabu kabisa mpaka mmoja wao asiamke. Aliwaza soksi yake kwenye benchi la wodi. Aliwaza Mwalimu akizunguka mtaa siku mbili kutafuta ngazi. Vitu vyake vyote vilivyokwenda kwa watu vilikuwa vimefanya kazi fulani huko vilikokwenda. Ni hiki tu alichokuwa anakifukuzia ili akirudishe ndani.

Akakisukuma kijitabu kurudi upande wa mzee.

"Kilichotoka mkononi hakiombwi," alisema, kidevu kikiwa juu. "Sitaki kukaa nje miezi sita kwa ajili yako. Fungua. Mimi natazama huku."

Akageuza kistuli, akautazama ukuta wenye saa kumi na tisa, kila moja na wakati wake.

Alimsikia anafungua. Alimsikia anacheka kwenye ngazi, "Mwalimu huyo kabisa!" Alimsikia anacheka kwenye jipu, mpaka akakohoa. Kisha karatasi ikageuka, na kicheko kikakoma.

Pale katikati paliandikwa hivi: "Saa hii ni nzima. Naigeuza betri mwenyewe ili nipate sababu ya kukaa kwenye kile kistuli chake kigumu. Akigundua nitakufa kwa aibu. Asipogundua nitakufa kwa uzee. Tutaona kipi kitawahi."

Saa za ukutani zilikwenda. Mama Vifungo alihesabu mpaka arobaini, akaona anafanana na Mwalimu, akaacha.

"Umemaliza?"

"Bado. Narudia."

"Ni mistari mitatu, mzee!"

"Mimi nasoma polepole." Alisikia lenzi ikiwekwa mezani. "Geuka basi. Shingo itakuuma."

Aligeuka. Mzee alikuwa na macho mekundu, na alisingizia taa. Mama Vifungo alitoa raba mkobani akaiweka juu ya meza.

"Ukitaka, futa."

Fundi Saa aliichukua raba, akaitazama pande zote kama saa ngeni, akaitia kwenye droo ya juu, akaifunga. Kisha akavuta leso yenye saa iliyovunjika.

"Kioo cha namna hii sina, itabidi nikitafute. Mshale huu nao nikiunyoosha kwa haraka utakatika, nitaunyoosha kila siku kidogo tu. Itachukua mwezi. Labda zaidi."

"Mwezi! Na mimi nitajuaje saa ngapi?"

"Utakuja kuniuliza," alisema Fundi Saa.

Na alikwenda. Mkwe alisema hajapata kuona mtu mwenye haja ya kujua saa namna ile, tena nyumba ina saa jikoni na nyingine kwenye simu. Mama Vifungo alimjibu kwamba zile zinakwenda mbele.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Fundi Saa alisimama na kijitabu safi cha Mama Vifungo, kile alichoachiwa kutoka mkobani siku ile, akakitolea neno moja tu, "Mshono mzuri," akakipitisha. Kisha vijitabu vipya vikalazwa mezani. Cha Fundi kilikuwa chembamba, na Mwalimu alikifungua wa kwanza, midomo ikimcheza.

"Kumi na moja," alitangaza. "Picha kumi na moja, saa moja! Mgongo uko wazi, betri kifudifudi, na tarehe chini. Mwaka mzima kitu kilekile! Fundi, umeishiwa?"

"Ni kizuri," alisema Muuguzi. Lakini safari hii alisema baada ya kutazama mkono wa Mama Vifungo, ambao haukuwa na saa, na akasema tena, polepole, "Kizuri sana, dada."

Dada Fotokopi alikuwa ameinamia birika la chai, mabega yanamtikisika.

Mama Vifungo alinyoosha mkono kuchukua cha Fundi pale mezani. Fundi Saa alimtangulia, akachomoa kimoja kutoka ndani ya koti, akampa mkononi. Kilikuwa kizito. Kilinuka gundi. Alikifungua chini ya meza kama mwanafunzi mtukutu, mpaka ukurasa wa mwisho, ambao kwa wengine wote ulikuwa mtupu. Kwake palikuwa na mstari mmoja wa penseli, herufi ndogo na safi, kazi ya mtu asiyejua pupa:

"Kistuli nimekitia mto."